Ukitaka madogo wa mtaani waje kwenye michezo, waite kabla ratiba haijaandikwa

Mwaka juzi sisi wa kamati ya mtaa huku Temeke tulichangishana, wadau wakaongezea, ikafika kama laki sita na nusu hivi, tukasema hii tunawafanyia vijana wetu bonanza. Tukakodi spika, tukaprinti tisheti, tukanunua mipira miwili na mbuzi wa mshindi, ratiba tukaipanga watu wazima saba tumekaa barazani kwa katibu, Jumamosi saa tatu asubuhi kila kitu kianze. Siku ikafika, waliokuja ni watoto wa darasa la pili la tatu wanaotaka tisheti, na wababa wa jogging. Wale wa miaka 13 mpaka 18 ambao ndo tuliwalenga hata ishirini hawakufika, wasichana wakubwa walikuwa wanne tu. Jioni nikamuuliza binti wa jirani yangu, yuko form two, mbona sikukuona? Akanijibu kwa upole kabisa, "Anti, Jumamosi asubuhi si tunafua, halafu saa nne tuisheni. Na hamkutuuliza."

Hilo neno la mwisho lilinikaa sana. Toka hapo tumefanya tofauti, na kikundi cha madogo wenyewe kinachopanga michezo ya mtaa sasa kinaingia mwaka wa pili, kwahiyo naandika tulivyofanya ili na wewe uliye kwenye kamati ya mtaa, au kanisani, msikitini, klabu ya jogging, au mzazi tu uliyechoka kuona watoto wanashinda kwenye mabanda ya gemu, upate pa kuanzia.

Nasema madogo makusudi. Ukitangaza mkutanoni kwamba unataka "vijana", sera ya maendeleo ya vijana ya mwaka 2007 inahesabu kijana ni miaka 15 mpaka 35, kwahiyo atakuja kaka wa miaka 32 mwenye mke na watoto wawili, atakaa mbele na atasema kwa niaba ya vijana wote. Sio kosa lake, sera inamtambua na ana shida zake za kweli. Ila huyo hajui form one wanatoka shule saa ngapi siku hizi. Kwahiyo kwenye tangazo andika umri, miaka 13 hadi 18, na ushikilie hapo hapo.

WAKUBWA WAKIKUULIZA "WATOTO WANAJUA NINI"

Watakuuliza, tena pengine ni watu unaowaheshimu, kwahiyo jiandae na jibu lenye heshima. Mimi niliprinti karatasi moja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inasema mtoto, yani yoyote chini ya miaka 18, ana haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki kwenye maamuzi yanayogusa ustawi wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, ibara ya 12 inasema hivyo hivyo na ibara ya 31 inataja kabisa mapumziko, michezo na burudani. Nilimpa mwenyekiti akasoma taratibu, akasema sawa, mradi nisilete vurugu.

Na kuna jambo jingine nililomwambia ambalo naamini lilimgusa zaidi ya sheria. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 walipiga kura wenye miaka 18 kwenda juu. Dogo wa miaka 15 hakumchagua mwenyekiti, hawezi kumtoa, mkutano wa mtaa akija anaambiwa kapange viti. Sasa huyu atasemea wapi kama hata la mpira wake hatumuulizi?

Pia angalia usijidanganye mwenyewe. Kuna mtaalamu anaitwa Roger Hart, mwaka 1992 aliandika kwa ajili ya UNICEF kuhusu ngazi ya ushirikishwaji wa watoto, ina vipandio 8, na vitatu vya chini kabisa anasema hivyo sio kushirikisha hata kidogo, ni kuwatumia, kuwaweka kama pambo, na kuwaweka kwa kutimiza idadi. Kwetu hapa vipandio hivyo vitatu unavijua vizuri, ni ile dogo anavalishwa tisheti, anapewa risala aliyoandika mwalimu, anaisoma mbele ya mgeni rasmi, watu wanapiga makofi, anarudi kukaa. Kama unachopanga kinafanana na hicho basi anza upya.

ANZA NA MIGUU, KIKAO BAADAE

Kosa la kwanza la watu ni kuita kikao. Ukiita kikao watakuja wale wenye adabu ambao mama zao wamewatuma, wengine hutawaona. Sisi tulizunguka wiki mbili, mimi na kaka mmoja wa kamati, tukawafuata walipo. Jioni saa kumi na moja uwanjani kwenye chandimu. Kwenye banda la gemu. Pale wasichana wanapochota maji. Kwa anti anayesuka, maana Jumapili mchana pale utakuta mabinti sita saba wanasubiri zamu na wanaongea kila kitu. Nje ya madrasa watoto wanapotoka, nje ya kanisa baada ya mazoezi ya kwaya. Na kwa wale ambao hawasomi, kwenye kituo cha daladala wanapouza maji na karanga.

Hapa nikae kidogo, kwasababu watoto wasiosoma ndo wa kwanza kusahauliwa. Mtaani kwetu tulikuta mabinti kadhaa wa kazi za ndani, miaka 16, 17, wametoka mkoani, hawana hata rafiki mmoja hapa Dar zaidi ya dukani kwa Mangi wanapotumwa vitunguu. Hao huwezi kuwaalika wao moja kwa moja, lazima uende kwa bosi wake, ukae, unywe chai, umwambie dada naomba huyu mdogo wetu Jumapili saa tisa mpaka saa kumi na moja awe na wenzake, nitamrudisha mwenyewe. Wawili tuliwapata hivyo. Mmoja ndo akawa mkali wa rede kuliko wote, na ndo aliyetuambia kwamba siku pekee anayopumua ni Jumapili, jambo ambalo lilibadilisha ratiba nzima.

Ukiwa unazunguka usiulize "mnataka mfanyiwe nini?" Ukiuliza hivyo kila mtu atasema mpira, maana ndo jibu watu wazima wanalotegemea. Uliza yaliyotokea kweli. Jumamosi iliyopita saa kumi ulikuwa wapi? Ulikuwa na nani? Ungekuwa na buku mbili ungeenda wapi? Wapi hapa mtaani hupendi kupita? Utashangaa majibu. Mabinti watatu kwa nyakati tofauti waliniambia hawaendi uwanjani kwasababu njia inapita kwenye kijiwe cha bodaboda na wanatolewa maneno. Sisi kamati tulikuwa tunasema wasichana hawapendi michezo.

Jingine tulilojaribu ni ramani ya chini. Unachukua mkaa au chaki, unachora barabara kuu, msikiti, shule, bomba, halafu unawaachia wao wamalizie, waweke kokoto pale wanapopenda kukaa na jani pale wanapoogopa. Wafanye wavulana peke yao na wasichana peke yao kwanza, baadae ndo mnaziweka pamoja. Ramani zetu mbili zilikuwa kama mitaa miwili tofauti. Ya wavulana ilifika mpaka ng'ambo ya barabara ya lami, ya wasichana iliishia kwa Mangi.

KUPATA KIKUNDI

Watu kumi wanatosha, wakizidi kumi na mbili kikao kinakuwa mkutano wa hadhara. Sisi tulisema nusu wasichana, angalau wawili wasiosoma, na angalau mmoja mwenye ulemavu, na tuliwaambia wenyewe wapendekezane wakiwa vijiweni kwao. Usikubali kamati ichague. Ikichagua kamati atakuja mtoto wa mjumbe, na kiongozi wa wanafunzi, na yule anayesoma Kiingereza vizuri, watoto wazuri kabisa ila wenzao hawawasikilizi. Yule dogo msumbufu ambaye akisema twendeni kumi na tano wanamfuata, huyo ndo umtafute kwa bidii. Wetu alikuwa anatuvunjia kila kitu, sasa ndo anapanga timu.

Kabla ya kikao cha kwanza pita kwa mzazi wa kila mmoja. Nyumba kwa nyumba, sio meseji. Mzazi akuone uso, ajue kikao kiko wapi, kinaisha saa ngapi na nani mwingine mtu mzima atakuwepo. Niliambiwa na baba mmoja, "mama we ungetuma tu meseji nisingemruhusu."

KIKAO CHENYEWE

Muda wapange wao. Kumbuka jioni za kazi wana madrasa au tuisheni, Jumamosi asubuhi ni kufua na usafi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ndo usafi wa mji mzima, Wasabato Jumamosi hawapo, Jumapili asubuhi kanisani. Ukiondoa hayo yote unabaki na sehemu ndogo sana. Kwetu ni Jumapili saa tisa na nusu, lisaa limoja, basi. Tukizidisha dakika kumi wanaanza kuangaliana.

Tandika mkeka, kaeni duara, na watu wazima mkae chini pia. Weka kitu cha kula, mihogo na kachumbari na juisi ya ukwaju haizidi elfu kumi kwa watu wote, na usikiache kiwe cha mwisho kama zawadi, kiwe katikati toka mwanzo maana wengine wanakuja hawajala.

Tatizo kubwa kwenye kikao ni adabu zetu. Naipenda adabu yetu na sitaki ife, lakini mtoto akishakuamkia shikamoo halafu ukaanza kusema wewe, atakubali chochote utakachosema. Kwahiyo sheria yetu ni kwamba mtu mzima haongei kwanza. Anafungua dogo, anaongoza dogo, mtu mzima akitaka kusema ananyoosha mkono kama wengine. Vikao viwili vya mwanzo vilikuwa kimya sana, kimya cha kuumiza, nilijizuia kwa nguvu nisijaze maneno. Cha tatu wakaanza kubishana wenyewe.

Na kwenye kuamua usitumie mikono juu. Mikono juu kila mtu anamwangalia mkubwa wa kundi kwanza. Sisi tunatumia visoda, vile vifuniko vya chupa za soda. Nenda kwa muuza soda akuwekee visoda vya rangi mbili, wasichana rangi moja wavulana nyingine, kila mtu apewe vitano. Halafu weka makopo ndani, kwenye chumba au nyuma ya kanga iliyotundikwa, kila kopo lina mchoro wa shughuli moja, na mtu anaingia mmoja mmoja anagawa visoda vyake anavyotaka, hata vyote kwenye kopo moja. Ukimwaga makopo mbele ya wote majibu yanaonekana hapo hapo, hakuna wa kusema nimeibiwa, na kwa rangi unaona wasichana wametaka nini.

Siku ya kwanza tuliweka makopo sita: mpira wa miguu, netiboli, rede, mashindano ya kudansi singeli, drafti na bao, na kopo la sita dogo mmoja aliomba liongezwe, akalichora watu wamekaa kwenye benchi. Nikamuuliza hii ni nini? "Sehemu ya kukaa tu anti, bila kufukuzwa." Mpira ulipata vingi vya wavulana kama tulivyotegemea. Lakini kopo la benchi lilikuwa la pili kwa jumla, na kwa rangi ya wasichana lilikuwa la kwanza. Hakuna mtu mzima kwenye kamati nzima ambaye angefikiria benchi. Tulikuwa tunawaza vikombe na mbuzi kumbe mtoto anataka kivuli, benchi, na mtu asimwambie "nyie mnafanya nini hapo". Tulipata mafundi wawili wa mtaani, mbao zilizobaki kwenye ujenzi wa duka, tukaweka mabenchi matatu chini ya mwarobaini pembeni ya uwanja. Mpaka leo ndo kitu kinachotumika kila siku kuliko vyote.

VITU AMBAVYO HAVIJADILIWI, VISEME MAPEMA

Usiwaambie "amueni chochote" halafu baadae ukakataa, hapo umewapoteza moja kwa moja. Sema toka mwanzo. Kwetu mambo manne hayajadiliwi: kila kitu kinaisha kabla ya magharibi, hatupokei hela ya kampuni ya bia wala ya kubeti, muziki wenye matusi haupigwi, na mtu mzima mmoja habaki peke yake na mtoto. Mengine yote ni yao.

Singeli ndo ilitutesa. Wazee wawili wa mtaa walisema hapana, wanaogopa iwe kama vigodoro vya usiku. Sikuwajibu mimi. Niliwaambia madogo, nendeni nyie mkaongee na wazee. Wakaenda wanne, wakaamkia, wakasema watachagua nyimbo zenyewe na kumsikilizisha mzee mmoja kabla, spika itaangalia uwanjani sio kwenye nyumba, na saa kumi na moja na nusu inazimwa. Mzee mmoja akaongeza sharti lake, adhana ikisikika muziki usimame. Wakakubali. Siku yenyewe adhana ya alasiri ilipoanza, dogo wa spika alizima kabla hata sijageuka kumwangalia, na yule mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbele anaona.

HELA

Hapa ndo utajua kama umewashirikisha kweli au la. Wengi wanawapa watoto wachague mchezo lakini hela inabaki siri ya wakubwa. Chukua karatasi kubwa la manila, andika tuna kiasi gani, mbele yao, bila kuficha, hata kama ni elfu themanini. Wakiona elfu themanini hawatadai jezi za laki tatu. Wetu walipoona hela iliyopo walifuta tisheti wenyewe, wakasema tisheti unavaa siku moja, tununue mipira mizuri na neti, na vitambaa vya rangi vya kufunga mkononi badala ya jezi.

Sasa kuna ugumu wa kisheria. Laini ya simu inasajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na NIDA ni kuanzia miaka 18, kwahiyo dogo hawezi kusajili laini ya kuwekea hela kwa jina lake mwenyewe, na akaunti ya benki ya peke yake hapati. Sisi tunafanya hivi, hela inakaa kwa mtu mzima mmoja, mtu mzima wa pili ndo anaidhinisha kutoa, lakini daftari la mapato na matumizi lipo kwa dogo, na hakuna hela inayotoka mpaka yeye ameandika. Risiti zinabandikwa humo. Kila mwezi anasoma mbele ya wote. Na kwenye kununua nenda nao. Tulienda Kariakoo na madogo watatu kununua mipira, walizunguka maduka matano, wakabonyeza kila mpira, wakapunguziwa bei kwa ubishi ambao mimi nisingeuweza.

Kama kikundi kina wakubwa wenye miaka 18 kwenda juu waambie kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni mkopo wa shughuli za kuingiza kipato, mipira haimo, lakini afisa maendeleo ya jamii wa kata anayeshughulikia ndo mtu huyo huyo utakayemhitaji kwa mengine, kwahiyo ni vizuri madogo wamjue uso mapema.

UWANJA NA VIBALI

Barua waandike wao, kwa mwenyekiti wa mtaa na nakala kwa mtendaji, waeleze nini, lini, saa ngapi mpaka saa ngapi, watu wangapi, na jina la mtu mzima anayesimamia. Waipeleke wenyewe wakarudi na muhuri. Mkono wa mtoto wa miaka 15 ukishika barua yake yenye muhuri wa serikali ya mtaa, jinsi anavyotembea siku hiyo ni tofauti. Kama mnataka uwanja wa shule barua nyingine iende kwa mwalimu mkuu, na mseme nani atafanya usafi baada, hiyo ndo hofu yao. Kama kutakuwa na spika kubwa na watu wengi, muulizeni mtendaji kama polisi wanatakiwa wapewe taarifa, msibahatishe.

Uwanja wenyewe uangalieni kwa macho ya msichana. Kuna choo karibu? Kuna maji? Wasichana wetu waliweka wazi kwamba siku za hedhi hawawezi kuja sehemu isiyo na choo, na sisi hatukuwahi kuwaza. Tuliongea na mama mwenye nyumba inayopakana na uwanja, akakubali choo chake kitumike, tunampelekea ndoo mbili za maji na sabuni. Na ile njia ya kijiwe cha boda, mwenyekiti wa kijiwe tulimfuata tukaongea naye kistaarabu kama baba, maana naye ana mabinti, na maneno yamepungua sana.

Kama mnafikiria kuwatoa nje ya mtaa, mfano kuwapeleka JMK Park pale Kidongo Chekundu, uwanja wa vijana uliofunguliwa 2015, hesabuni nauli kwanza. Nauli ya mwanafunzi ipo ila Jumamosi bila sare konda mara nyingi anadai ya mtu mzima, kwenda na kurudi kwa watoto thelathini ni hela nyingi.

KALENDA YA DAR

Usipange kitu kikubwa Machi mpaka Mei, masika ikishuka viwanja vyetu vya bondeni vinakuwa bwawa. Vuli nayo ya Oktoba mpaka Desemba inasumbua ila unaweza kukimbizana nayo. Mwezi wa kumi na kumi na moja waache form two na form four wafanye mitihani yao, usiwaite hata kikao.

Ila sasa angalia hapa, form four wakimaliza Novemba, wanaokwenda form five wanaripoti Julai. Hiyo ni miezi saba au nane mtoto wa miaka 17 yuko nyumbani, ana nguvu, ana akili, hana cha kufanya. Na la saba wakimaliza Septemba wako nyumbani mpaka Januari. Sisi kazi zote nzito tunaziweka Desemba mpaka Februari, kuchora uwanja, kufundisha wadogo urefa, kupanga ligi, kwasababu ndo wakati watu wapo. Na kwa mzazi wa form four huo ndo muda anaokosa usingizi, kwahiyo ukimfuata na kitu cha maana atakushukuru.

USALAMA

Watu wazima wawili kila shughuli, mmoja awe mwanamke. Hakuna kumtumia mtoto meseji peke yake usiku, matangazo yanapita kwa mzazi au kwenye grupu ambalo wazazi wamo, na kusema kweli wengi wanatumia simu ya mama kwahiyo karatasi iliyobandikwa kwa Mangi inafika kuliko WhatsApp. Picha usiposti bila mzazi kuruhusu. Maji ya kunywa ya kutosha, kisanduku cha huduma ya kwanza, na ujue kituo cha afya cha karibu kinafunga saa ngapi.

Na madogo wakishakuzoea watakuambia mambo. Wa kwangu mmoja aliniambia jambo la nyumbani kwao ambalo sio la michezo kabisa. Usiahidi kutunza siri, mwambie utamtafutia msaada. Namba 116 ni ya kupiga bure kwa ajili ya watoto, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Waandikie 116 kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na kwenye ubao wa uwanja, wala usisubiri mtu aulize.

KURUDISHA MAJIBU NA KUPOKEZANA

Anzeni na jaribio dogo, Jumapili moja, masaa mawili, kabla ya kutangaza ligi. Jumapili inayofuata kaeni mseme nini kimeenda nini kimegoma. Na kila walichoomba madogo kikashindikana, rudi uwaambie kwanini. Waliomba taa uwanjani, tulifuatilia, gharama imetushinda, nikarudi nikawaambia namba zote. Walinuna wiki moja. Wakarudi. Mtoto anavumilia hapana yenye sababu, kinachomuondoa ni kuomba kitu halafu kimya cha miezi mitatu.

Halafu jua kwamba watakukimbia, kwasababu wanakua. Mwaka huu Julai mweka daftari wetu anaenda form five mkoani, bweni. Kwahiyo toka mwezi wa nne kila Jumapili baada ya kikao anabaki kwenye lile benchi na binti wa form one, wanapitia ukurasa kwa ukurasa, mapato upande huu, matumizi upande huu, risiti ya neti ibandikwe hapa. Jumapili iliyopita yule mdogo alikuta tumenunua chaki ya elfu tatu bila risiti, akakataa kusaini, ikabidi nirudi dukani.